Miche ya kuvuta nyuki kwenye vitalu vya barabarani: ipi ulipie, ipi uiache

Ukisimama kwenye kitalu cha pembeni mwa barabara, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, ukasema unatafuta mimea ya viungo ya kurudisha nyuki bustanini, hutaondoka mikono mitupu. Utaonyeshwa lavenda, rosemari, mnanaa, mchaichai na salvia nyekundu, na pengine pakiti ya mbegu kutoka Ulaya yenye picha ya nyuki mnene mwenye manyoya. Muuzaji hana nia mbaya. Anauza kinachoulizwa, na wanaouliza wengi wamesoma maelekezo yaliyoandikwa kwa bustani za Uingereza au Marekani. Lakini hela inayotoka ni yako, na sehemu kubwa ya mzigo huo nyuki wa pwani atapita juu yake bila kutua.

Hapa kila bidhaa inapimwa kwa maswali mawili. Mmea huu unachanua huku kwetu? Na ukichanua, nyuki anakuta mbochi (maji matamu ya ua) na chavua mahali anapoweza kufika? Harufu ya jani haihesabiwi. Jani linalonukia ni faida ya mpishi. Nyuki anafuata ua.

Tuanze na mche ambao wauzaji wengi hawauweki hata mstari wa mbele: kivumbasi. Kwa wataalamu wa mimea huyu ni Ocimum gratissimum, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, kwa kuwa huota wenyewe kando ya njia na watu huuning'iniza dirishani kufukuza mbu. Pale unapouzwa, bei yake ni chini ya ya lavenda mara kadhaa. Kwa nyuki ndio mche bora kuliko yote iliyotajwa hapa. Shina lake hukomaa likawa mti, unaishi miaka kadhaa, hurefuka hadi mita 2, na ukipata jua na maji hutoa mashuke mwaka mzima. Kila shuke lina vijiua vidogo vyeupe vilivyofifia kuelekea kijani, vimepangwa pete juu ya pete, na havifunguki siku moja: huanza vya chini, vinapanda. Ndiyo maana shuke moja hulisha nyuki kwa siku nyingi, na kichaka chenye mashuke 50 hakikosi chakula.

Chuchumaa karibu nacho saa 2 asubuhi utazame ua lilivyojengwa. Kwenye salvia, ambayo ni ndugu wa mbali wa kivumbasi, nyuzi zenye chavua hushuka kutoka juu na kumpaka nyuki mgongoni. Kwenye kivumbasi na mrehani nyuzi hizo zimelala juu ya mdomo wa chini wa ua, kwa hiyo anayetua anazikanyaga na kuzilalia kwa tumbo. Utamwona nyuki wa asali akinyanyuka na vumbi la njano kifuani, anaelea hewani akijifuta kwa miguu na kulikusanya kwenye vikapu vya miguu ya nyuma, kisha anashuka kwenye shuke linalofuata. Wasiouma, wale wadogo weusi mithili ya inzi, hufuata baadaye kidogo jua likishachangamka.

Ukiununua, chagua mche wa sentimita 20 hadi 30 wenye matawi matatu au zaidi. Bonyeza kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliobeba mche: kikiwa kigumu kama jiwe na mizizi imetokeza chini, mche umekaa humo muda mrefu na mizizi imejizungusha. Huo bado unafaa, ila unapoupanda chana kiriba chote, kata sentimita 2 za chini ya donge na ufungue mizizi ya pembeni kwa vidole. Usipofanya hivyo mmea utadumaa na kuanguka upepo wa kusi ukianza. Kwenye ardhi acha mita 1 kati ya mche na mche. Kwenye chombo usiende chini ya ndoo ya lita 20, iliyotobolewa matundu matano au sita ya kipenyo cha kidole, na kokoto kidogo chini. Mchanganyiko unaofanya kazi ni ndoo 2 za udongo wa juu, 1 ya mboji na 1 ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uuache huko huko.

Jua lisipungue saa 6 kwa siku. Kivumbasi kilichopandwa chini ya mwembe hutoa majani makubwa ya kupendeza na shuke moja moja. Samadi iliyooza vizuri, konzi 2 kila baada ya miezi 2, inatosha. Ukizidisha samadi ya kuku au ukiweka urea utapata kichaka kinene kisicho na maua. Kosa jingine la kawaida ni kuacha mashuke yote yakomae mbegu. Mmea ukishazaa hupunguza kuchanua, na mvua ikinyesha utang'oa miche mamia chini yake. Shuke likishakuwa la kahawia kwa theluthi mbili kutoka chini, likate juu kidogo ya jozi ya majani. Ndani ya wiki 2 hadi 3 pembeni yake yatachomoza mawili. Usikate chini hadi kwenye mti mkavu usio na jani, kwa kuwa sehemu hiyo huchelewa mno kuchipua au isichipue kabisa.

Mrehani wa kawaida (Ocimum basilicum) unafuata kwa karibu, lakini hapa jina moja linafunika mimea yenye tabia tofauti. Ule wa majani makubwa yaliyovimba, unaoliwa na pasta, umechaguliwa kwa miaka mingi ili uchelewe kuchanua, kwa sababu mpishi anataka jani. Kwa nyuki ni mchelewaji. Ule wa majani madogo, shina la zambarau na harufu kali, ambao akina mama wa pwani huchuma kuweka kwenye vikuba pamoja na asumini, hukimbilia kutoa maua. Huo ndio wa kununua. Mwombe muuzaji ule ambao tayari una shuke. Akikuambia "huo umeshapitiliza, dada, chukua huu mbichi," mshukuru na uchukue uliopitiliza.

Mbegu za mrehani ni rahisi, na ukiwahi kunywa faluda unazijua: zile nyeusi zinazovimba utelezi zikiguswa na maji. Zinyunyize juu ya udongo uliolowa, funika kwa unene usiozidi nusu sentimita, na zitaota kati ya siku 5 na 10. Zile za dukani kwa ajili ya faluda mara nyingi huota vizuri, na pakiti moja hutoa miche kuliko eneo ulilonalo. Vipandikizi navyo havisumbui: kata tawi lisilo na ua lenye sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji kivulini, badilisha maji kila siku 2. Mizizi huonekana kati ya wiki 1 na 2.

Kinachoua mrehani pwani ni masika. Majani huanza na mabaka ya manjano yaliyozuiwa na mishipa, ukiyageuza chini unakuta unga wa kijivu. Watu huudhani ni upungufu wa mbolea, wanaongeza samadi, hali inazidi. Ni ukungu, na ni ugonjwa wa nyumbani kabisa: ulielezwa mara ya kwanza kutoka Uganda miaka ya 1930, ndipo baadaye ukazagaa duniani. Mwagilia asubuhi kwenye udongo na si juu ya majani, acha sentimita 30 kati ya mche na mche ili upepo upite, na mche ulioathirika sana ung'oe uutupe mbali. Kivumbasi huvumilia zaidi, sababu nyingine ya kukiweka juu.

Kuna mrehani mmoja unaosifiwa sana mitandaoni, African Blue, na sifa zake ni za kweli. Huchanua bila kukoma na nyuki huujaa. Ulitokea mwaka 1983 kwenye kitalu cha Peter Borchard huko Athens, Ohio, mrehani wa zambarau ulipochavuliwa na Ocimum kilimandscharicum uliokuwa karibu nao. Jina la mzazi huyo wa pili linasema lenyewe ulikotoka. Lakini chotara huyu ni tasa, hazai mbegu, na hapo ndipo pa kufungua macho: anayekuuzia pakiti ya mbegu za African Blue anakuuzia kitu kingine. Hupatikana kwa vipandikizi pekee. Ukimkuta mtu ana mche halisi, nunua mmoja na uukate vipande mwenyewe. Usipoupata huna hasara, mzazi wake wa Kilimanjaro ana sifa hizo hizo za kupendwa na nyuki.

Giligilani, au dania kwa wa Kenya, usiinunue ikiwa mche. Ina mzizi mkuu unaoshuka wima, ukiuhamisha hukasirika, hurefuka haraka na kutoa kishada kimoja kisha ikafa. Nenda duka la viungo, nunua giligilani nzima isiyokaangwa. Kila punje ina mbegu mbili ndani. Iviringishe chini ya chupa kwa upole mpaka ipasuke nusu, loweka usiku mmoja, panda sentimita 1 chini. Huota kati ya wiki 1 na 3. Kwenye joto la pwani itachanua ndani ya wiki 6 hadi 8, jambo ambalo mpishi hulilalamikia na nyuki hufurahia. Vishada vyake vyeupe ni bapa na mbochi iko juu juu, hivyo hata nyuki wenye ulimi mfupi na inzi maua, ambao watoto wao hula vidukari, hupata. Ukitaka mfululizo panda mstari mpya kila wiki 3.

Sasa mnanaa. Huu ndio udanganyifu mkubwa usio na mdanganyaji. Vitabu vya Ulaya huuweka juu kabisa kwenye orodha ya mimea ya nyuki, na huko ni sawa. Mnanaa unahitaji siku ndefu ili uchanue. London mwezi Juni mwanga wa mchana unapita saa 16. Dar es Salaam siku ndefu kuliko zote, mwezi Desemba, ina saa 12 na nusu hivi, na Nairobi haifiki saa 12 na robo. Mmea unasubiri ishara ambayo haiji. Utakua, utatambaa, utameza kitanda kizima, utakupa chai nzuri, na hutaona ua, au utaona moja la bahati. Ununue kwa chai. Oregano ina tatizo la aina hiyo hiyo. Thaimu huchanua kwa kusuasua kwenye miinuko yenye baridi, na pwani mara nyingi huoza kabla hujajua ingefanya nini.

Lavenda inastahili maneno zaidi kwa sababu ndiyo inayokula hela. Kuna aina mbili ambazo utakutana nazo, na wauzaji hawazitenganishi. Pitisha kidole ukingoni mwa jani. Likiwa na meno madogo kama kitana, hiyo ni Lavandula dentata; haihitaji majira ya baridi, na Nairobi, Limuru, Arusha au Lushoto huchanua karibu mwaka mzima huku nyuki wakiizunguka. Jani likiwa jembamba, laini, lisilo na meno, huenda ni ile ya Kiingereza, Lavandula angustifolia, ambayo huchanua vizuri baada ya kupitia baridi kali, na huku kwetu hubaki kichaka cha kijivu. Kwa hiyo mkazi wa nyanda za juu anunue ya meno, aipande kwenye mwinuko wa udongo wenye nusu kokoto, na asiimwagilie hadi udongo ukauke sentimita 5 kutoka juu. Mkazi wa Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa aache zote mbili. Unyevu wa hewa na mvua za masika huozesha shingo ya mmea, majani ya chini yanakuwa meusi, na ndani ya miezi michache unarudi kununua mwingine. Hilo kwa muuzaji si tatizo.

Rosemari ni hadithi hiyo hiyo ikiwa imepunguzwa makali. Juu ya mita 1,500 hivi hutoa maua ya samawati yenye mbochi ya kutosha, hasa miezi ya baridi wakati vingine vimelala. Pwani hustahimili kwenye chungu chenye mchanga mwingi, ila maua ni ya kubahatisha.

Mchaichai nao huuzwa kwa jina la nyuki, na hapa kuna ukweli uliopinda. Ni nyasi. Huchanua kwa nadra sana, na hata ukichanua ua lake halina mbochi. Lakini wafugaji nyuki huusugua ndani ya mzinga mpya kwa sababu harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki vibarua huitoa kuwaita wenzao nyumbani. Yaani unavuta kundi linalotafuta makazi, huvuti nyuki wanaotafuta chakula. Mzinga mtupu uliosuguliwa mchaichai nyuma ya jiko la nyumba ya kupanga, hilo ni jambo la kufikiria mara mbili.

Salvia nyekundu, ile inayopangwa mistari mbele ya mahoteli, ni ya chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua. Nyuki haoni wekundu kama sisi, na mrija wa ua ni mrefu kuliko ulimi wake. Ndege atakuja, na ni mzuri kumtazama, ila usimhesabu kama nyuki. Hali kadhalika maua yoyote ya mapambo yaliyojazana petali tabaka kwa tabaka: petali hizo mara nyingi ni zile nyuzi za chavua zilizogeuzwa na wazalishaji, na kilichobaki ndani hakifikiki. Ukitaka bangi bangi (marigold) za njano kuzungushia mboga, tafuta zenye petali mstari mmoja na kitovu kilicho wazi.

Pakiti za mbegu za "mchanganyiko wa nyuki" kutoka nje hatuzipendekezi kabisa. Yule nyuki mnene mwenye manyoya aliyechorwa juu hapatikani kiasili Afrika kusini mwa Sahara, na hilo peke yake lingetosha kumwambia mnunuzi kwamba mchanganyiko haukupangwa kwa ajili yake. Ndani mna maua ya mashamba ya Ulaya yaliyozoea baridi na siku ndefu. Sehemu huota, hurefuka wiki tatu, hulala na joto. Sehemu nyingine ikipenda mazingira inaweza kugeuka gugu. Kuingiza mbegu kunahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya. Pakiti iliyokuja kwenye begi la ndugu haina. Ukiwa kitaluni kagua pia udongo wa kiriba. Miche inayotoka Arusha na maeneo ya kaskazini inaweza kubeba gugu karoti, kijimea chenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe, kinachowasha ngozi na kuleta mafua ya mzio. Kikichomoza kwenye kiriba king'oe kwa glavu kabla hakijachanua.

Kuna swali moja ambalo ni muhimu kuliko aina ya mche, na wanunuzi wachache hulitoa: "Huu mmeupiga dawa gani, na lini?" Vitalu vingi hupambana na vidukari na inzi weupe kwa dawa zinazopenya ndani ya mmea. Kiambata cha kutafuta kwenye lebo ni imidacloprid. Kikimwagwa kwenye udongo hupanda na maji ya mmea hadi kwenye mbochi na chavua, na hakiondoki kwa kuosha majani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake ya nje ya mabanda mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki. Huku kwetu kipo kwenye maduka ya pembejeo. Muuzaji akijibu "dawa ya kawaida tu" na hana chupa ya kukuonyesha, chukulia kwamba mche umepigwa. Ukiuchukua, kata kila shuke linalotoka kwa miezi kadhaa ya mwanzo, au chukua vipandikizi na mbegu kwa jirani. Kivumbasi kilichoota chenyewe uwanjani kwa mtu kina faida hiyo: hakuna aliyehangaika kukipulizia.

Kwa wadudu wa nyumbani, mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 500 kwa lita 10 za maji, zilale usiku, zichujwe kwa kitambaa, zipigwe jioni baada ya saa 12 na kwenye majani yasiyo na maua. Wanaotumia huduma ya kupuliziwa uwanja wa nyumba kila mwezi dhidi ya mbu wajue kwamba dawa nyingi za aina hiyo huua nyuki zikimgusa. Mkataba useme jioni tu, na kitanda cha maua kirukwe. Wakikataa, usipande mimea ya nyuki. Utakuwa umetega mtego.

Namna ya kupanga nayo ina uzito. Nyuki wa asali akitoka safari moja hushikilia aina moja ya ua. Kwa hiyo vivumbasi vitano pamoja vina thamani kuliko mimea mitano ya aina tano. Igawe mirehani yako mafungu matatu: moja unakata kwa jikoni, moja inaanza kutoa mashuke, moja imechanua. Kila wiki 2 zungusha. Ukikata yote siku moja, kama watunza bustani wengi wanavyofanya Jumamosi, nyuki hukuta pengo la wiki tatu na huacha kupita.

Kipimo cha kama umefaulu ni rahisi. Kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, siku isiyo na mvua, simama dakika 10 mbele ya mita moja ya mraba ya maua uhesabu wanaotua. Kama baada ya wiki 2 za kuchanua hakuna, tafuta kivuli, dawa, au uchache wa maua, kwa mpangilio huo. Ila kabla ya kulaumu mche tazama juu: miembe ya mtaa mzima ikichanua, nyuki wako wako huko, na watarudi.

Vifaa vinavyouzwa pamoja na miche vinahitaji jicho kali. Vile vijumba vya mbao vya kuning'iniza, vyenye mianzi na vipande vya magome, asilimia kubwa ni pambo. Geuza nyuma: mwanzi ukiona mwanga upande wa pili haufai, kwa kuwa nyuki anayekaa peke yake hutaga kwenye shimo lililozibwa mwisho. Mashimo yawe na kina cha sentimita 15 hivi na kipenyo cha milimita 4 hadi 8, kingo laini zisizopasua mabawa. Mirija ya plastiki hushika unyevu na watoto huota ukungu. Mwanzi mkavu uliokatwa nyuma ya fundo, vipande 20 vilivyofungwa kwa waya chini ya paa, vikitazama mashariki, hufanya kazi bora kwa gharama ya msumeno. Na usisahau kwamba takriban asilimia 70 ya aina za nyuki huchimba ardhini: acha kona ya mita moja bila saruji, bila nyasi, bila kufagiliwa.

Nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao watu huwachukia kwa ajili ya kenchi. Wape gogo kavu la mti laini kivulini, unene wa sentimita 10 au zaidi. Hao ndio wanaozalisha pasheni, maana nyuki wa asali ni mdogo kwa ua lile na mara nyingi huchukua chavua bila kugusa panapotakiwa. Na ndio hao, pamoja na wale wenye mistari ya samawati wanaopenda sana mrehani, wanaotikisa ua la nyanya na bilinganya kwa mtetemo hadi chavua inamwagika. Nyuki wa asali hawezi. Sikiliza sauti: mlio wa kawaida ukipanda ghafla kuwa mwembamba ua likiwa limekumbatiwa, mavuno yanatengenezwa.

Sahani ya maji usiinunue. Kisahani chochote kifupi, kokoto zinazotokeza juu ya maji ili wasizame, maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku 2, la sivyo unafuga mbu wa dengue.

Nyuki wetu ni wakali wakilinda mzinga, lakini aliye kwenye ua hana cha kulinda, huuma akibanwa. Panda mita 3 kutoka mlangoni na kwenye kamba ya nguo, chuma majani jioni, na mwenye mzio wa nyuki asikabidhiwe kazi ya kukata mashuke. Kundi likitua kwenye tawi usilipige mawe wala dawa. Mara nyingi huondoka ndani ya siku moja au mbili. Likianza kuingia darini mwite mfugaji nyuki siku hiyo hiyo, kabla halijajenga masega.

Kuhusu wakati wa kununua: vuli ikianza, miche hupata mvua ya kushika mizizi bila kuozeshwa kama masika. Na ukifika kitaluni usiishie mstari wa mbele. Nyuma, karibu na pipa la maji, huwa kuna viriba vya mirehani iliyorefuka, imekuwa miti, imechanua, haina mnunuzi na inasubiri kumwagwa ili udongo utumike tena. Uliza, "Kaka, hii ya huku nyuma unaniachiaje yote?" Kabla hujalipa tazama mashuke: kama tayari kuna nyuki juu yake, mche umeshajibu maswali yote mawili.